Betri Zisizo na Lebo

Sura ya Tano

Muli alikuwa ameketi kwenye benchi bila mkanda wala kamba za viatu, na mikono yake mikubwa ya dereva imetulia juu ya magoti kama mizigo ya mtu mwingine aliyoombwa kuichunga.

"Nakuuliza tena," Sajini Kavutha akasema. "Jumamosi ya wiki juzi, gari lilikuwa wapi?"

"Afande, sijaiba betri."

"Hilo sijakuuliza."

Muli akatazama ukuta. Alikuwa ameletwa pale kituoni Matuu saa mbili asubuhi, na tangu hapo jibu lake lilikuwa hilo hilo. Kavutha hakupaza sauti. Katika miaka kumi na minane ya upelelezi alikuwa amejifunza kwamba mtu anayepigiwa kelele hujificha, na anayengojewa huchoka.

Akafungua faili. Kesi ilikuwa fupi. Zahanati ya Mtakatifu Ana, kule Ndithini, ilikuwa na gari la nyumba, yaani lile la watalii lenye kitanda, sinki na jokofu dogo ndani. Wazee wawili wageni walizunguka nalo nchi hii hadi wakachoka, wakaliachia zahanati. Kitanda kikawa cha kupimia wajawazito, jokofu likawa la chanjo. Kila Alhamisi Muli aliliendesha hadi Kithyoko, kina mama wakatibiwa humo ndani.

Alhamisi iliyopita, saa kumi jioni, mvua kubwa ilikuja na giza lake. Nesi Nthambi alikuwa akimshona mama mmoja, Kanini, aliyekuwa amejifungua muda mfupi tu. Taa zote za ndani zikafifia zikawa na rangi ya chai, kisha zikaanza kupepesa. Nesi alimaliza kazi akiwa ameuma simu yake kwa meno, tochi ikiwaka. Mama na mtoto wakapona.

Kesho yake meneja wa zahanati, Mwalimu Bartholomew, alifungua sanduku lililo chini ya kiti. Betri mbili mpya zilizowekwa Januari zilikuwa na lebo nyekundu. Zilizokuwa ndani hazikuwa na lebo yoyote. Akapiga ripoti kwamba dereva ameuza mpya na kuweka kuukuu. Shahidi mmoja alikuwa amemwona Muli akiingia dukani kwa Mustaf, muuza spea wa hapo Matuu, amebeba betri. Tena Jumamosi ile gari lilikuwa limetembea kilomita ambazo hazikuandikwa kwenye daftari la safari.

"Muli, kesho saa tatu uko mbele ya hakimu. Nikimpelekea kimya hiki chako, atakisoma jinsi kinavyosomeka."

Dereva alilamba midomo. "Taa bado zinafifia?"

"Bado."

"Basi mwambie Nesi asishone mtu huko ndani. Tafadhali, afande. Ashonee nje kwa jua hata kama watu wanaona."

Kavutha akaandika maneno hayo kwenye kijitabu chake. Hayakuwa ushahidi. Aliyaandika tu.

*

Mustaf alikuwa anamwaga maji ya betri kwenye chupa, macho yake yakifuata mstari wa maji. Hakuinua kichwa mpaka chupa ilipojaa.

"Muli? Ndiyo, alileta betri. Jumatatu iliyopita moja, Jumanne akaleta ya pili."

"Ukanunua?"

"Nanunuaje kitu nimeuza mwenyewe, dada?" Mustaf akacheka. "Alitaka nipime. Alisema taa zinamsumbua kidogo kidogo. Nikapima kwa mashine, nikaipa mzigo, haikushtuka. Mbuzi ya Idi haina afya kama ile betri. Nikamwambia, rafiki, ugonjwa uko mahali pengine, si hapa. Akaenda."

Alhamisi, siku mbili baadaye, Kanini akashonwa gizani. Kavutha akazihesabu siku hizo kwa vidole.

"Hazikuwa na lebo. Ulijuaje ni zako?"

"Lebo ni karatasi. Karatasi inakufa kwa maji." Mustaf akavuta betri moja kutoka rafuni, akamwonyesha kichwa cha risasi pale waya unapofungwa. "Mimi naweka alama yangu hapa. Nukta tatu na mstari. Nagonga na msumari. Mtu akikuja na betri anasema nilimuuzia mbovu, naangalia hapa kwanza, halafu ndiyo naomba msamaha."

"Mbona hukuja kutuambia?"

"Nani aliniuliza? Nimesikia leo kwa muuza maziwa kwamba Muli ameshikwa. Walahi sikujua ni mambo ya betri. Nilifikiri amegonga ng'ombe."

Akaingia nyuma ya kaunta akatoka na mita ndogo ya manjano, waya mwekundu na mweusi zikining'inia, pamoja na jampa moja ndefu ya kuunganisha betri.

"Chukua. Ukifika huko nipigie simu, nitakuambia ushike wapi."

"Nikuandikie kwamba nimechukua?"

"Ya nini? Wewe ndiye polisi. Ukiiba, mimi nitaripoti wapi?"

*

Mwalimu Bartholomew alimpokea langoni, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Alifundisha hesabu miaka thelathini kabla ya zahanati kumwomba aisimamie, na bado alitembea kama mtu mwenye chaki mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alipopita kando ya mgonjwa mmoja aliyekaa juani, alisimama akamsogezea benchi kivulini, kisha akaendelea na hasira yake.

"Madam, mimi sipendi kumwona kijana wa watu ndani. Lakini mama angekufa."

"Hakufa, Mwalimu. Tuangalie gari."

Nesi Nthambi alikuwa amekwisha kuwasha taa. Zilikuwa sita darini, zote zikitoa mwanga mchovu. Kavutha akaweka mguu kwenye kingazi cha mlangoni apande. Taa zikapepesa.

Akashuka. Zikapepesa tena.

Akapanda, akashuka, akapanda.

"Madam unacheza?" Mwalimu akauliza.

"Nesi, siku ile ya Kanini kuna mtu alipanda hapa?"

Nthambi akafikiri. "Mama mkwe wake. Alikuja na maji ya moto. Kupanda tu, taa zikaanza hiyo mambo yao."

Kavutha akayaandika hayo. Akainua kiti, akafungua sanduku. Betri mbili, safi kama sufuria za arusi, hata chembe ya vumbi. Akatoa leso, akafuta kichwa cha risasi cha ya kwanza. Nukta tatu na mstari. Akafuta ya pili. Nukta tatu na mstari.

"Hii ni alama ya Mustaf. Betri ni zile zile za Januari."

Mwalimu akainama, akarekebisha miwani. Akainuka polepole. "Mustaf na Muli wanajuana. Alama inaweza kugongwa hata jana, kwa betri yoyote. Halafu kama ni nzima, mbona taa ziko hivi?"

Lilikuwa swali zuri, na Kavutha alijua hakimu angeliuliza vivyo hivyo. Akampigia Mustaf, akampa Nesi simu aishike, sauti imefunguliwa.

"Zima taa zote," Mustaf akasema. "Weka nyekundu ya mita kwa nyekundu ya betri, nyeusi kwa nyeusi. Soma."

"Volti kumi na mbili nukta saba."

"Sasa washa taa zote, na jokofu pia. Soma."

"Kumi na mbili nukta sita."

"Umeona? Betri nzee ukiipa kazi inaanguka kama mlevi. Hiyo imesimama. Mwalimu yuko hapo?"

"Yuko," akajibu Mwalimu kwa ukali kidogo.

"Shikamoo Mwalimu. Hizo ni namba, si mimi nimesema."

Mwalimu alisoma mita mwenyewe. Akairudia. Kwa mtu aliyefundisha hesabu, ilikuwa vigumu kugombana na namba.

"Sasa toa kifuniko cha taa moja, ile iko karibu," Mustaf akaendelea. "Pima hapo kwa taa."

Kavutha akapanda juu ya kiti, akagusisha ncha mbili. "Kumi. Kumi kamili."

"Basi. Moto wa umeme umetoka nyumbani ukiwa kumi na mbili na kitu, umefika sokoni kumi. Umeporwa njiani. Na njia ziko mbili, ya kwenda na ya kurudi. Ya kwenda ni waya nyekundu, inapita kwa fyuzi. Ya kurudi haina waya mrefu. Moto unarudi kwa mabati ya gari, kwa mwili wenyewe, halafu waya mmoja mweusi unautoa kwa mwili unaupeleka kwa betri. Pima moja moja."

Walipima njia ya kwenda, kutoka kwenye betri hadi kwenye taa. Mita ikaonyesha karibu sufuri, maana yake hakuna kilichopotea. Kisha Kavutha akashika kichwa cheusi cha betri kwa ncha moja, na kwa nyingine akagusa bawaba ya mlango, chuma kitupu.

"Mbili nukta sita," akasema.

Mustaf akasema taratibu, "Hapo inafaa iwe sufuri. Mwizi wako yuko kwa njia ya kurudi, dada. Chukua ile jampa. Mguu mmoja kwa nyeusi ya betri, mwingine kwa hiyo bawaba."

Kavutha akabana huku, akabana kule.

Ndani mlijaa mwanga mweupe. Taa zote sita kwa pamoja, sinki liking'aa, mashuka yakionekana hadi nyuzi zake. Nesi Nthambi akaziba mdomo kwa mkono.

"Zilikuwa hivi Januari," akasema. "Mwalimu, zilikuwa hivi kabisa."

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha wagonjwa, akitazama dari kwa kinywa wazi kidogo.

*

Kavutha akatandika gunia, akaingia chini ya gari upande wa kingazi. Alitegemea kukuta matope na kutu, maana barabara ya Kithyoko haina huruma na gari. Alikuta kijani.

Chuma chote cha chini kilikuwa kimepakwa rangi ya mafuta, kwa mikono isiyo na haraka. Pembe zote. Vyuma vya kushikilia tangi. Nyuma ya kingazi, mahali ambapo hata fundi hatazami, rangi ilikuwa imepita mara mbili. Karibu na kichwa chake, waya mnene mweusi kutoka kwenye betri ulifungwa kwa bolti kwenye fremu. Akaugusa. Ulicheza kidogo. Aliye juu akikanyaga kingazi, bila shaka ulicheza zaidi.

"Nesi, nipe spana ndogo."

Akafungua nati. Chini ya pete ya waya, pale ambapo chuma kinapaswa kukutana na chuma, palikuwa na rangi, laini na nzima, bila mkwaruzo. Akakwaruza kwa ufunguo. Kijani kikatoka kama ganda la yai, na chini yake chuma kikang'aa.

Alilala hapo akifikiri kwa sauti ili Mwalimu aliyechuchumaa nje asikie.

"Huyu mtu hakupaka rangi juu ya waya. Alifungua waya, akapaka, akangoja ikauke, kisha akaurudisha mahali pake na kukaza kwa nguvu alizonazo. Alitaka kazi nzuri. Mwizi wa betri hapaki rangi chini ya gari, Mwalimu. Na hapa kuna kitu." Akabandua kutoka kwenye rangi uzi mmoja mgumu, mweupe. "Uzi wa katani. Brashi yake ilikuwa ya katani iliyopondwa."

"Rangi hiyo si yetu," Mwalimu akasema. "Lango letu ni bluu."

Nesi Nthambi alikuwa ameinama pia. Akaangalia kile kijani muda mrefu.

"Hiyo ni rangi ya tangi la maji la Kithyoko," akasema. "La kina mama wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana kazi. Walilipaka mwezi uliopita."

Kavutha akatoka chini ya gari, akafungua daftari la safari. Kilomita za Jumamosi zilizokosa kuandikwa zilikuwa sawasawa na zile za kila Alhamisi.

*

Mwalimu aliliendesha gari mwenyewe hadi Kithyoko, Kavutha na Nesi wakiwa ndani, kwa mwendo wa mtu aliyepakata mayai. Mwenyekiti wa mwethya, Susu Kamanthe, walimkuta anasuka kiondo mlangoni kwake. Alikuwa bibi mdogo wa mwili, susu wa kijiji kizima, mwenye vidole ambavyo havikusimama hata alipokuwa akisalimu.

"Susu," Kavutha akasema baada ya salamu kwisha vizuri, "ni nyinyi mlipaka gari la kliniki rangi chini?"

Uso wa bibi ukachanua. "Asi! Umeona? Kuna mahali tuliacha?"

"Hakuna."

"Tulikuwa wanawake kumi na wanane. Mwethya ni mwethya, mwana wakwa, mwanangu. Shamba la mtu likilemea, tunaingia wote linaisha. Sasa ile gari inatushika sisi kila Alhamisi, na yenyewe nani anaishika? Mimi nililala chini nikaona kutu inaikula tumbo. Nikasema, hapana. Tulikuwa na rangi imebaki ya tangi. Tukamwomba Muli ailete Jumamosi. Tukaiosha na majivu na sabuni, tukasugua hata zile sanduku nyeusi za chini ya kiti. Ile waya tulifungua tusiipake, tukarudisha. Mimi mwenyewe nilikaza."

"Na lebo? Karatasi nyekundu kwa zile sanduku?"

"Zilibanduka kwa maji. Nyekundu nzuri hivyo utatupa?" Akaingia ndani, akatoka na mkebe wa sukari. Lebo mbili zilikuwa zimebandikwa ubavuni kwa uji wa unga, zimenyooshwa bila kukunjamana, namba zake zote zikisomeka.

Mwalimu akatoa mfukoni kadi ya dhamana ya betri za Januari. Akasoma namba ya kwanza, akatazama mkebe. Akasoma ya pili. Zote mbili zililingana.

"Susu," akasema, "mbona hamkuniambia?"

Bibi akatazama chini. "Mwalimu, mwaka jana ulisema gari ikitoka bila barua yako, mahali imeenda patatolewa kwa ratiba. Tuliogopa. Muli akasema hatasema, na sisi tukasema hatutasema."

"Hajasema," Kavutha akajibu. "Ako kwa seli tangu asubuhi kwa wizi wa betri, na bado hajasema. Kumbe taa zilififia kwa sababu ya rangi iliyo chini ya ile waya."

Vidole vya Susu Kamanthe vikasimama. Kiondo kikaanguka, na hakukiokota. Akavuta leso yake begani.

"Twende," akasema. "Nitakaa hapo ndani mimi. Ni mimi nilikaza."

"Hakuna mtu anakaa ndani, Susu."

"Basi tumeharibu gari? Kanini alitaka kufa kwa ajili ya rangi yetu?"

Hapo Kavutha alikuwa na jibu la kipolisi, lakini Mwalimu alimtangulia. Alikuwa anafungua vifungo vya mikono ya shati, anakunja.

"Mmelilinda, Susu. Chuma chote hicho hakitaliwa na kutu miaka kumi. Kosa ni mahali padogo kama kifuniko cha soda, na hapo ningepaona mimi kama ningetazama chini ya gari kabla ya kutazama mfuko wa mtu." Akageuka. "Na Kithyoko haitoki kwa ratiba. Nani ana msasa hapa?"

Msasa ukapatikana kwa jirani. Mwalimu akalala chali kwenye udongo wa Kithyoko na shati lake la pasi, akasugua hadi chuma kikawa cheupe. Kavutha alimshikia spana. Susu Kamanthe alichuchumaa kando, akimwonyesha pa kusugua zaidi.

"Hapo kwa ukingo. Hapana, hapo. Macho yako yameisha, Mwalimu?"

"Susu, naona."

"Huoni. Sogea kidogo."

Mwalimu akakaza nati mpaka ikakataa. Nesi, ndani, akawasha taa. Kavutha akakanyaga kingazi, akaruka juu yake kwa miguu yote miwili kama mtoto. Hakuna taa iliyopepesa.

*

Saa tisa alasiri, kituoni Matuu, Mwalimu Bartholomew alitia sahihi karatasi ya kuondoa malalamiko. Hakuitia haraka. Aliisoma yote kwanza, kisha akaomba aongeze mstari mmoja kwa mkono wake: kwamba dereva hakuiba chochote, na kwamba meneja alikosea. Kavutha akamwambia si lazima. Akaandika hata hivyo.

Muli alirudishiwa mkanda na kamba za viatu. Alikuwa bado amezishika mkononi alipoulizwa kama ana neno la kusema.

"Taa?" akauliza.

"Nenda uangalie mwenyewe," Kavutha akasema.

Gari lilikuwa limesimama uani mwa kituo, jua kali juu yake, na mlango wazi. Ndani, taa zote sita zilikuwa zinawaka mchana kweupe. Susu Kamanthe alikuwa amekaa kwenye kitanda cha wagonjwa, miguu haifiki chini, mkebe wa sukari mapajani na chupa ya chai kando. Kumwona Muli akaanza kumimina, na chai ikamwagika kwenye sahani kwa sababu hakuwa anatazama kikombe.

Muli akaketi palepale kwenye kingazi. Alifunga kamba za kiatu kimoja, akashindwa na cha pili, akajifuta uso kwa kiganja. Mwalimu, shati lote udongo mgongoni, akainama akakifunga hicho cha pili, kisha akamwekea ufunguo wa gari gotini.

Muli akasimama. Kwa mazoea ya dereva anayetunza betri, akanyoosha mkono kwenye swichi azime.

"Ziache," Mwalimu akasema.

Kavutha akachukua mita ya manjano na jampa, akavuka barabara kwa miguu kumrudishia Mustaf vitu vyake.